Kwenda Kelmscott: maswali ya wanaotaka kuona kijiji tulivu cha Kiingereza na jumba lake la kale

Kelmscott ni kijiji kidogo cha Oxfordshire, kando ya Mto Thames, huku juu ambako mto bado ni mwembamba na ng'ombe wanakunywa ukingoni. Kinajulikana kwa nyumba moja, Kelmscott Manor, ambayo William Morris, mshairi na mchora nakshi wa karne ya 19, aliipanga mwaka 1871 na hakuiacha hadi kufa. Maswali haya ni yale ambayo huulizwa na ndugu walioko London, Reading na Milton Keynes, pamoja na wazazi wanaokuja kuwatembelea watoto wao na wameshachoka kupelekwa madukani.

Ni mbali kutoka London?

Kwa gari ni kama saa mbili hivi, barabara ikiwa nzuri. Mji wa karibu ni Lechlade, ambao uko mkoa mwingine, Gloucestershire, ingawa ni kilomita chache tu. Watu wengi huiweka Kelmscott kwenye orodha moja na Bibury, Bourton-on-the-Water na vijiji vingine vya Cotswolds, wakitaka kuvimaliza vyote kwa siku moja. Ushauri wetu: usifanye hivyo. Bibury utaiona kwa nusu saa na picha zako utapata, katikati ya mabasi ya watalii. Kelmscott inahitaji nusu siku nzima, na ukiikimbilia utatoka ukijiuliza umefuata nini.

Mama anakuja kutoka Dar es Salaam. Anahitaji nini?

Viza ya kawaida ya mgeni, inayoruhusu kukaa hadi miezi 6. Ni hivyo kwa wenye pasi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Jamaa wenye pasi ya Oman na nchi jirani za Ghuba, pamoja na wa Umoja wa Ulaya (isipokuwa Ireland), Marekani na Kanada, huomba kibali cha kielektroniki kiitwacho ETA, na hilo hufanyika kwenye simu. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya serikali ya Uingereza kabla ya kukata tiketi ya ndege, wala usitegemee alichokuambia shemeji aliyekuja miaka mitano iliyopita.

Hatuna gari. Tutafika?

Mtafika, ila kwa kujipanga. Kelmscott haina kituo cha treni. Zamani kulikuwa na kituo upande wa Lechlade, kilichofunguliwa 1873, na Morris mwenyewe alikuwa akishukia hapo, kilifungwa 1962. Siku hizi unapanda treni London Paddington hadi Swindon, mwendo wa karibu saa moja, kisha basi au teksi hadi Lechlade. Mabasi ya vijijini Uingereza ni machache, hivyo angalia kwanza la kurudi ndipo uangalie la kwenda.

Kutoka Lechlade una njia mbili. Ya kwanza ni teksi, nayo lazima uiagize mapema kwa sababu hakuna inayozunguka barabarani ikitafuta abiria. Ya pili ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye miguu mizima: tembea. Njia ya miguu inayofuata Mto Thames inapita hapo, kama kilomita 5 hivi, tambarare tupu. Unaanzia daraja la Ha'penny, lililojengwa 1792, unapita St John's Lock, lango la maji la juu kabisa katika mto mzima, ambapo kuna sanamu ya mzee mwenye ndevu aliyejilaza, ndiye Mzee Thames. Alichongwa kwa ajili ya Crystal Palace, jumba la kioo la maonyesho la London, katika miaka ya 1850, akapelekwa kwenye chanzo cha mto, na tangu 1974 amewekwa hapa. Baada ya hapo ni malisho, mierebi na mashua zilizopakwa rangi nyingi, mpaka uone mapaa ya mawe upande wa kushoto.

Na mwenye gari?

Waingereza huendesha kushoto, kwa hiyo Mtanzania, Mkenya na Mganda hana la kujifunza upya. Anayetoka Kigali, Bujumbura, Bukavu au Muscat ndiye awe makini. Mgeni anaruhusiwa kutumia leseni ya nyumbani kwa hadi miezi 12. Kinachowasumbua wengi si upande wa barabara, ni upana wake: njia za kuingilia Kelmscott zinatosha gari moja, na ukikutana na trekta utarudi nyuma wewe. Egesha kwenye maegesho ya wageni, nje kidogo ya jumba, kisha tembea hadi mlangoni. Usiegeshe mbele ya lango la mtu hata kama linaonekana halijafunguliwa tangu vita.

Jumba liko wazi lini?

Kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba hivi, tena siku chache tu za wiki. Wakati wa baridi hufungwa. Hili ndilo jambo moja ambalo tunawasihi watu walichunguze, maana kijiji hakina kitu cha kukufariji ukikuta lango limefungwa. Siku na bei za mwaka husika ziko kwenye tovuti ya jumba, na ni vizuri kununua tiketi kabla. Tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu: 1:30 ni saa saba na nusu mchana. Kuna wazee waliofika saa moja na nusu asubuhi wakawakuta sungura.

Mwezi mzuri, kwa maoni yetu, ni Juni. Jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, bustani imechanua, na nyasi za kando ya mto bado hazijakatwa. Desemba giza huingia saa kumi jioni.

Je, ni kasri? Kuna malkia au mwana wa mfalme aliyeishi humo?

Hapana, na anayetafuta dhahabu aende kasri la Blenheim, mkoa huohuo wa Oxfordshire. Katika Uingereza ya kale vijiji vingi vilikuwa na kabaila: ardhi ni yake, wakulima wanamlimia, na kesi ndogondogo husikilizwa sebuleni kwake. Jumba la namna hiyo ndilo watu hutarajia wakisikia Kelmscott Manor. Lakini hii ilianza kama nyumba ya mkulima aliyefanikiwa. Ukoo wa Turner uliijenga karibu mwaka 1600, na baadaye katika karne hiyohiyo wakaongeza ubavu mwingine wenye vyumba vya fahari zaidi. Ndiyo maana ukiiangalia kwa mbele unaona nyumba kubwa yenye heshima, na ukizunguka nyuma unaona mabanda ya mazao.

Angalia paa. Halina vigae wala mabati. Ni mabamba ya mawe ya chokaa, makubwa chini kwenye ukingo, yakipungua safu kwa safu hadi kileleni yakawa ya ukubwa wa kiganja. Uzito wake umezikunja mbao za chini yake, kwa hiyo mstari wa paa hauko sawa popote. Morris alilipenda paa hilo kupita kiasi, na ukilitazama dakika tano utajua sababu.

William Morris ni nani hata nyumba yake ikafanywa makumbusho?

Alizaliwa 1834 Walthamstow, akafa 1896 Hammersmith akiwa na miaka 62. Katikati hapo alikuwa mshairi, mchora nakshi za vitambaa na karatasi za ukutani, mfumaji, mchapaji wa vitabu na mwanasiasa wa kisoshalisti, mambo ambayo kwa kawaida hugawanywa kwa watu watano. Mwaka 1877 alianzisha chama cha kuzuia majengo ya kale yasiharibiwe kwa kisingizio cha kukarabatiwa, na chama hicho kipo hadi leo.

Hata kama jina hulijui, kazi yake umeiona. Ule mchoro wa ndege wawili wakidonoa stroberi kwenye usuli wa buluu nzito, unaobandikwa siku hizi kwenye vikombe, miavuli na mifuko, ulitoka Kelmscott. Ndege wa bustani hii, wa kahawia wenye madoa kifuani, walikuwa wakipenya chini ya nyavu na kuiba matunda, na inasimuliwa kwamba Morris aliwakataza watunza bustani wasiwadhuru. Mwaka 1883 aliwageuza nakshi. Kitambaa kilitumbukizwa kwanza chote kwenye nili, kisha mchoro ukatolewa kwa dawa ya kufifisha rangi, halafu nyekundu na manjano zikaongezwa moja baada ya nyingine. Kazi ya siku nyingi, na bei yake ilikuwa hivyohivyo.

Ndani tutaona nini?

Vyumba vya kukaa, vya kulala na dari, pamoja na samani za Morris, vitambaa, na vitu vilivyokuwamo kabla yake. Wahudumu wa kujitolea, wengi wao wazee, hukaa vyumbani. Waulize, hawasomi karatasi, wanajua kila ufa wa ukuta.

Usipite haraka katika chumba cha kulala cha Morris. Kitanda ni cha mbao, cha nguzo nne, cha karne ya 17. Mapazia yake yalitariziwa na binti yake May mwanzoni mwa miaka ya 1890, akisaidiwa na wenzake: miti, maua, ndege kwa nyuzi za sufu. Inua macho juu, kwenye utepe unaozunguka kitanda. Umeandikwa shairi la baba yake, na anayezungumza ndani yake ni kitanda chenyewe, kikieleza kwamba ni kizee, kimeshuhudia furaha na huzuni, na sasa kinamkaribisha mtu alale. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya kanga hahitaji kufafanuliwa hapo: nakshi katikati, jina pindoni, na kitambaa kinasema kile ambacho mwenye nyumba hakisemi kwa mdomo.

Chumba cha pili ni chenye mazulia ya ukutani ya karne ya 17, yanayosimulia habari za Samsoni. Yalikuwamo nyumba ilipopangwa. Kuna mahali anang'olewa macho, na watoto hupapenda kuliko kitu chochote. Rangi zimefifia, lakini Morris alisema kufifia huko ndiko kulikoyapa uzuri.

Dari nayo usiiache, ingawa ngazi ni nyembamba. Utaona magogo ya paa yakiwa wazi, yamechongwa kwa shoka, na vyumba vidogo ambamo walilala watumishi na watoto. Na bustanini kuna choo cha kale chenye matundu matatu yaliyopangana kwenye ubao mmoja, bila kizuizi katikati. Kila kundi hucheka hapo, halafu husimama kimya kidogo likipiga hesabu.

Tumesikia kuna kisa cha mapenzi. Ni kweli?

Ni kweli, na hakuna aliyeweza kukieleza kikamilifu. Jane, mke wa Morris, alikuwa binti wa mtunza farasi wa Oxford, msichana maskini ambaye wachoraji walimwona na kuomba wamchore. Alifunga ndoa na Morris mwaka 1859. Dante Gabriel Rossetti, mchoraji na rafiki wa familia, alimpenda Jane waziwazi. Mwaka 1871 Morris na Rossetti wakaipanga Kelmscott pamoja, kisha Morris akasafiri kwenda Iceland kiangazi chote, akamwacha mkewe na mabinti wawili, Jenny na May, katika nyumba hiyo pamoja na Rossetti.

Sababu aliyokuwa nayo moyoni ni yake. Wengine husema alikuwa akimpa mkewe nafasi, wengine kwamba alikuwa anakimbia. Rossetti alikifanya kile chumba cha Samsoni kuwa karakana yake, akaondoka moja kwa moja mwaka 1874. Picha aliyomchora Jane akiwa na gauni la hariri ya buluu, ya 1868, imetundikwa humuhumu. Simama mbele yake uamue mwenyewe.

Jane ndiye aliyebaki mwisho na nyumba. Aliinunua mwaka 1913, baada ya miaka zaidi ya 40 ya upangaji, akafa mwezi Januari uliofuata. May aliishi hapo hadi kifo chake mwaka 1938. Aliiachia nyumba Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1962 ikaja mikononi mwa Society of Antiquaries of London, ambao ndio wenyewe hadi sasa. Ilifungwa kwa ukarabati mkubwa ikafunguliwa tena 2022.

Majumba ya Uingereza mengi yalijengwa kwa fedha za utumwa na makoloni. Na hili?

Swali hili linafaa kuulizwa kila mahali, na wahudumu wa majumba wameshalizoea. Ukoo wa Turner ulipata mali kwa ardhi na mifugo. Fedha za Morris zilianzia kwa baba yake, aliyekuwa na hisa katika mgodi wa shaba wa Devon Great Consols, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mgodi huo ulitoa pia aseniki, sumu iliyotumika kutengeneza rangi ya kijani ya karatasi za ukutani. Morris mwenyewe aliwahi kukaa kwenye bodi ya wakurugenzi. Kwa hiyo hakuwa malaika: nakshi zake za majani na maua zilikuwa na wachimbaji nyuma yake, na wateja wake walikuwa matajiri, jambo lililomkera hadi mwisho.

Siasa zake alizifuata baadaye, na kwa ukali. Mwaka 1885, serikali ya Uingereza ilipokuwa vitani Sudani, chama chake cha kisoshalisti kilitoa tamko la kulaani vita hivyo, na jina lake limo miongoni mwa waliotia saini. Kwa wakati ule, huko London, si wengi waliothubutu.

Kijiji chenyewe kina nini?

Mawe, hasa. Nyumba ni za mawe ya rangi ya asali iliyochujuka, na hata ua wa mashamba si wa miti wala waya: ni mabamba ya mawe yaliyosimamishwa wima ardhini, moja baada ya jingine, mengine yakimfikia mtu kiunoni. Yaguse pembeni. Yamepata ukoga wa kijivu na manjano, na baadhi yameegemeana kwa uzee. Uzio wa aina hii hutauona sehemu nyingi nje ya bonde hili.

Nyumba mbili zilizoungana, za mwaka 1902, Jane alizijenga kumkumbuka mumewe, kwa ramani ya rafiki yao Philip Webb. Ukutani kuna mchongo wa Morris ameketi chini ya mti, kofia imewekwa pembeni. Ukumbi wa kijiji nao una jina lake. Ulifunguliwa 1934 na mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw. Kuna baa moja, Plough, na kanisa. Wakazi ni wachache sana, na siku isiyo ya kufungua jumba unaweza kukizunguka kijiji chote ukakutana na paka tu.

Kaburi lake liko wapi?

Uwanja wa kanisa la St George, na linaweza kukupita. Usitafute mnara. Ni jiwe refu lenye umbo la paa, limeinuliwa kidogo kutoka ardhini, kazi ya Webb pia. Mkewe na mabinti wamo humo. Siku ya mazishi, Oktoba 1896, mvua na upepo vilikuwa vikali. Jeneza lilishushwa kwenye treni Lechlade, likabebwa kwa mkokoteni wa mavuno uliopambwa matawi ya mierebi. Kanisa lenyewe ni la karne ya 12, na ndani yake kuna michoro ya ukutani ya zama za kati. Sukuma mlango taratibu, ni mzito.

Chakula je? Na sisi ni Waislamu.

Jumba lina mgahawa wa chai, keki, supu na vitu vyepesi. Chakula halali hutapata kijijini, na ukiuliza kama keki ina jelatini utajibiwa kwa adabu ila jibu litachukua muda. Beba chakula chako, ule kando ya mto. Pilau la baridi chini ya mwerebi halina mpinzani. Duka la kununua maji na matunda liko Lechlade. Misikiti ya karibu iko Swindon na Oxford, basi adhuhuri wengi huswali malishoni. Chagua mahali pasipo kinyesi cha ng'ombe.

Wenyeji watatuonaje?

Kwenye njia ya mto kila mtu husalimia kila mtu. Ni neno moja tu la asubuhi njema na safari inaendelea. Usitarajie kuulizwa habari za nyumbani na za watoto, wala usidhani umedharauliwa. Kijijini, kumbuka kwamba zile nyumba nzuri zina watu ndani wanaokunywa chai, usipige picha kupitia dirishani. Njia ya miguu ya umma ikipita katikati ya shamba la mtu ni haki yako kupita, ila geti ulilolikuta limefungwa ulifunge, na mbwa wa mtu usimpapase bila kuuliza. Harusi na sherehe za spika kubwa ziacheni Slough.

Wazee na watoto wadogo wataweza?

Bustani na vyumba vya chini, ndiyo. Ngazi za juu ni za zamani na zina mteremko. Asiyeweza kutembea kutoka maegesho awasiliane na jumba mapema, husaidiwa. Viatu viwe bapa kwa wote. Mvua ikinyesha, njia ya mto ni tope, na wakati wa baridi mto hufurika malishoni.

Tukimaliza na jua bado lipo, twende wapi?

Inglesham, ng'ambo ya Lechlade. Ni kanisa dogo lisilo na kijiji cha maana, ambalo Morris alipigania mwishoni mwa miaka ya 1880 litengenezwe bila kubadilishwa. Ndani utakuta mabenchi ya zamani yenye milango, na kuta zenye michoro iliyopakwa juu ya michoro mingine, karne juu ya karne. Mwenye gari anaweza pia kwenda Great Coxwell kuona ghala la nafaka lililojengwa na watawa yapata miaka 700 iliyopita, ambalo Morris alilifananisha kwa hadhi na kanisa kuu. Lina mbao ndefu kuliko jengo lolote utakaloingia siku hiyo, na mara nyingi humkuti mtu ndani.